Kitanda cha baba, chumba cha mwanangu

Mimba yangu ilikuwa na miezi mitano shangazi aliponipigia simu kutoka Tanga. "Kile kitanda alicholalia baba yako bado kipo stoo," alisema. "Njoo ukichukue, mchwa wasikutangulie."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa ndani ya basi.

Tunaishi Kijitonyama, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Chumba cha pili ni hatua tano kwa nne, na kwa miaka sita kilikuwa cha mabegi na meza ya kupigia pasi. Miaka hiyo sita tulikuwa tunamngoja mtoto. Kila nilipoingia kuchukua nguo nilikuwa nakipanga kichwani: kitanda kikae ukuta usiopigwa na jua la mchana, sanduku la bibi liwe chini ya dirisha, mkeka katikati. Nilitaka vitu vya kwetu, vilivyoshikwa na mikono ya watu ninaowajua, vichanganyike na vichache vipya vya lazima. Nilitaka mtoto huyu aliyengojwa hivi akute ukoo wake umeshafika.

Mama mkwe hakupenda. Kwao Pangani, na kwetu pia kwa wengi, chumba hakiandaliwi kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa. "Mwanangu, mgeni hatandikiwi kabla hajapiga hodi," aliniambia. Mama huyu alizika vichanga wawili, na sikuwa na moyo wa kubishana naye. Tukakubaliana: mbao zishughulikiwe, ukuta upakwe rangi, lakini kitanda kisitandikwe na nguo zisipangwe mpaka mtoto aje. Ilikuwa busara kwa sababu nyingine pia, maana rangi mpya na vanishi mpya vinahitaji wiki kadhaa za dirisha wazi kabla ya kichanga kulala humo.

Stoo ya shangazi pale Ngamiani ilikuwa na giza na harufu ya nazi kavu. Alinivutia kitanda hadi uani. Kilikuwa cha mvule, kizito, kimeundwa na fundi seremala wa reli aliyekuwa jirani ya babu, mwaka aliozaliwa baba, 1956. Wote sita, baba na wadogo zake, walipita humo. Kilikuwa na rangi nyeupe ya mafuta iliyopasukapasuka, na nyeupe ilipobanduka ilionekana kijani, na chini ya kijani palikuwa na buluu. Kwenye ubao wa juu wa ubavuni kulikuwa na alama ndogondogo zimejipanga kama mishono. Niliinama nikapitisha kidole. Yalikuwa meno. Watoto waliokuwa wanaota meno walisimama pale wakaguguna ule ubao mpaka kijani kikatokea. Nililia pale uani, na shangazi akalia pamoja nami.

Tulikifungua, tukakifunga kwa kamba, kikasafiri kwenye buti la basi.

Jioni ya siku ya pili nilikaa barazani na karatasi za msasa, nimejifunga kitambaa kichwani, nikaanza. Nilitaka kuivua ile rangi kwa mikono yangu mwenyewe. Nusu saa baadaye mikono ilikuwa myeupe na buluu hadi kwenye viwiko, na vumbi lilikuwa limetua kwenye gauni, juu ya tumbo. Ndipo wifi yangu akaingia. Anafundisha kemia sekondari. Alisimama mlangoni akatazama zile tabaka, hata salamu hakutoa.

"Wifi, weka chini hiyo msasa. Inuka taratibu, usikung'ute nguo."

Alinieleza akiwa ananiosha mikono bombani. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke haraka, zing'ae na zisififie. Marekani ilizizuia majumbani tangu 1978, lakini kwingine ziliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye. Rangi ikiwa imetulia ukutani haina neno kubwa. Ikipasuka, ikiwa unga, au ikigugunwa na mtoto, inaingia mwilini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya unavyofyonza wa mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Huathiri ubongo unaokua. Na kwa mjamzito hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Hatukuwa na kipimo cha kutuambia rangi ile ilikuwa na risasi au la. Tuliichukulia kuwa inayo. Wifi alifuta baraza yote kwa kitambaa chenye maji na sabuni, hakufagia, maana ufagio unalirusha vumbi. Gauni nililifua peke yake. Kliniki niliyokuwa nahudhuria nilimweleza nesi kila kitu bila kuficha, akaandika kwenye kadi na kunituliza: nusu saa moja, nimenawa, nimeacha. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa nimelala chali naona zile alama za meno, zilezile zilizoniliza kwa mapenzi uani Ngamiani.

Bado sikukata tamaa. Nikafikiri, fundi aliyezoea kazi hii anaweza kuivua rangi mahali pa mbali, akiwa amejikinga, kwa njia ya maji. Nikampeleka mume wangu na picha kwa fundi mmoja mzee wa Keko, ambako mafundi samani wamejipanga barabara nzima. Yule mzee alitazama picha, akauliza mwanya kati ya fito na fito ni kiasi gani. Hatukujua. Akatupa kopo tupu la soda. "Nendeni mkajaribu. Likipita, mtoto naye atapitisha mwili, kichwa kibaki."

Lilipita. Lilipita bila hata kugusa mbao. Kopo la soda lina upana wa sentimita 6.6 hivi, na vipimo vinavyotumika siku hizi vinataka mwanya wa fito za kitanda cha mtoto usizidi sentimita 6. Cha baba kilikuwa na 9. Fundi wa reli aliunda kwa ustadi wa zama zake; elimu hii ya vipimo haikuwa imemfikia mtu.

Kumwambia shangazi ndiyo ilikuwa kazi. Nilimpigia, nikamwamkia, nikazungukazunguka, mwishowe nikasema. Akanyamaza muda mrefu.

"Sote sita tumelala humo, na tuko hai," alisema.

"Najua, shangazi. Na mimi nipo kwa sababu baba alilala humo akakua. Ila kama bibi angeambiwa haya ninayoambiwa mimi, angemlaza?"

Hakujibu hilo. Alisema, "Basi usikichome moto." Nikamwambia hata ningetaka nisingeweza, maana moshi wa mbao zenye rangi ile ni sumu vilevile.

Wakati tunakifunga kwa nailoni kukiweka juu ya stoo, mume wangu alizitoa chaga ziwe fungu la peke yake. Hapo ndipo tulipoona. Chaga hazikuwahi kupakwa rangi. Zilikuwa mvule tupu, zimeiva rangi ya chai ya rangi, laini kwa miaka ya godoro kuzisugua. Na kila moja, upande wa chini, fundi alikuwa ameichonga namba kwa patasi, namba za Kirumi, ili kitanda kikifunguliwa kila chaga irudi mahali pake: I, II, III, mpaka X. Tulizipanga sakafuni kwa mpangilio. Zilikuwa tisa. Ya VII haikuwepo.

Tulizifuta kwa kitambaa chenye maji mara kadhaa kuondoa vumbi lolote la rangi. Mzee wa Keko akazipiga randa kidogo pembeni, akatuundia rafu ya chini, urefu wa kufika magotini, ya kuwekea nepi, mafuta na taulo. Nilimwomba asiziguse namba. Aliziweka kwa nje, zikionekana. Alipomaliza akatwambia kwamba mvule wa namna hii hauletwi tena karakana kirahisi, na hakutaka kutoza fedha ya kuunganisha. Tulimlazimisha akapokea.

Sanduku la bibi mzaa mama lilikuja na somo lake. Ni sanduku la njumu, misumari ya shaba imepangwa maua, lilivuka bahari kutoka Unguja kabla mama hajazaliwa. Hilo halina rangi, ni mbao na shaba, nikajua limepita. Tatizo lilikuwa kifuniko. Ni kizito kiasi kwamba kikidondoka kinavunja vidole vya mtu mzima, na tumbuu yake hujifunga yenyewe kifuniko kikishuka. Mtoto anayetambaa akipanda ndani, ndiyo basi. Fundi aliing'oa ile tumbuu, akafunga mikono miwili ya chuma inayokizuia kifuniko kisishuke ghafla, na akapachika vigingi vidogo vya mpira pembeni ili hata kikifungwa pabaki upenyo wa hewa. Tumbuu nimeihifadhi kwenye droo yangu.

Ndani mlikuwa na kanga za bibi, doti kumi na moja, zimekunjwa vizuri, na katikati ya kila mkunjo vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Harufu yake kwangu ndiyo harufu ya utoto wangu. Nilipanga kumfunga mtoto kwa kanga hizo siku ileile ya kwanza. Nikamtajia nesi kwa furaha tu, kama mtu anavyosimulia, naye akaacha kuandika. Vidonge vile mara nyingi ni naftalini, akasema. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe za damu, na maeneo yetu ya malaria ni wengi, hasa wa kiume. Mtoto wa aina hiyo akifunikwa nguo iliyokaa na naftalini, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika, akapata manjano kali ya kutisha. Na huwezi kumjua kwa kumtazama.

Hilo sikuwahi kulisikia maishani. Na katika ukoo wetu, ni nani ambaye hakufungwa nguo iliyotoka sandukuni? Nilifua kanga zote mara tatu, nikazianika juani siku nyingi, usiku nazitoa kwenye kamba naning'iniza barazani. Sanduku nililiacha wazi juani mwezi mzima. Harufu ilipokwisha kabisa, hata nikizika pua, ndipo nilipozirudisha. Sasa naweka karafuu kwenye kitambaa kilichofungwa, mahali mkono wa mtoto haufiki.

Na kanga zenyewe, jamani, hazina mfano. Pamba tupu, imefuliwa miaka arobaini, ukidondoshea tone la maji linazama papo hapo. Nilinunua doti tatu mpya Kariakoo, nzuri kwa macho, tone likakaa juu linang'aa kama shanga. Zilikuwa na mchanganyiko wa nailoni. Hizo mpya nikashonea pazia, na za bibi zikawa nepi, mashuka na mbeleko. Moja tu niliitundika ukutani, yenye jina la *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Niliitundika ukuta wa mbali na kitanda, na nimeipigilia ubao juu na chini isije ikamdondokea mtu.

Vitu vipya navyo vina kesi zao, na hapa nilipoteza fedha. Nilinunua kabati la droo la mtoto, jeupe, limechorwa tembo, la mbao za unga ulioshindiliwa. Siku ya kwanza lilitoa harufu kali ya gundi iliyowasha macho, ikachukua wiki tano kupungua. Masika yalipoingia na unyevu wa Dar ukapanda, miguu yake ilivimba kama mkate uliolowa chai, droo ya chini ikagoma. Muuzaji alisema dhamana haihusiki na maji. Lilikaa miezi minne tu. Sanduku la bibi lina miaka zaidi ya sabini kwenye unyevu huohuo.

Kitanda kipya tulikichonga Keko kwa yule mzee. Alitufundisha jambo ambalo nalisisitiza kwa kila mama kijacho anayeniuliza: nunua godoro kwanza. Tulinunua la futi 2 kwa 4, gumu, lisilobonyea, tukampelekea akapimia kitanda juu yake. Kati ya godoro na ubavu hapaingii vidole viwili. Mbavu zote zimekazwa, hakuna upande unaoshuka. Kwenye maduka ya mtumba niliviona vitanda vizuri vilivyotoka nje, vya ubavu wa kushusha, bei ya kuvutia; wifi ndiye aliyeniambia Marekani ilivipiga marufuku mwaka 2011 kwa sababu ubavu hulegea na mtoto hunaswa. Unaona kitu kimetoka Ulaya au Marekani unadhani ni bora, kumbe huenda kimekufikia kwa sababu kwao kimekataliwa.

Kosa langu la mwisho nililishona mwenyewe. Nilikata doti moja ya bibi, nikaijaza sufi ya msufi kutoka Muheza, nikatengeneza mito mirefu ya kuzunguka fito kwa ndani, kama nilivyoona kwenye picha. Ilinichukua majuma mawili, sindano ya mkono. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Nesi yuleyule aliniambia mtoto mchanga alale chali, kwenye godoro gumu, shuka limekazwa, na kitandani humo kisiwemo kitu kingine: wala mto, wala mdoli, wala hiyo mito ya pembeni, maana akigeuza uso akabanwa hana nguvu ya kujitoa. Niliifumua. Sufi imo kwenye mto wangu wa kiti cha kunyonyeshea, na kila nikiegemea naikumbuka kazi ile.

Kilichobaki ni chandarua. Mwaka 2009 dada yangu alipojifungua alipewa Hati Punguzo, karatasi ya kupunguziwa bei, akanunulie chake dukani. Mimi nilipewa chenyewe mkononi hudhurio la kwanza la kliniki. Nilikianika kivulini siku nzima, nikakitundika juu, ncha zote zikaingizwa chini ya godoro zisining'inie ndani. Chumbani mle hakuna kitu kizuri kukizidi, na hakikuwa kwenye picha yoyote niliyoipenda.

Alizaliwa Aprili, mvua inanyesha. Mama mkwe alifika akatandika kitanda mwenyewe, ilikuwa haki yake, akasoma dua. Kisha kitanda kile tukakisukuma mpaka chumbani kwetu, maana ushauri ni mtoto alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi sita ya mwanzo, juu ya kitanda chake. Kwa hiyo chumba nilichokihangaikia hakulala mtu humo karibu mwaka mzima. Kilikuwa cha mchana: kuoga, kubadilishwa, kukandwa na bibi yake siku zote arobaini. Mama mkwe alitaka kufukiza udi humo, nikamwomba afukize sebuleni, milango wazi, mtoto akiwa barazani. Aliridhia, ingawa si mara moja. Kile nilichokitumia kuliko vyote ni mkeka wa ukindu wa shilingi chache kutoka Tanga, ambao mwanangu alijifunzia kuinua shingo, kisha kujiviringisha, kisha kukaa.

Ule ubao uliogugunwa na meno upo bado ndani ya nailoni. Mume wangu aliupiga picha kwa karibu kabla ya kuufunga, alama zote zinaonekana, na picha hiyo ipo kwenye fremu mpya ukutani, karibu na mlango. Baba akija kututembelea husimama hapo. Hasemi kitu.

Shangazi hakuja mpaka mtoto alipokuwa na miezi kumi. Nilikuwa na hofu. Alivua viatu, akaingia, akatazama sanduku, kanga, picha. Mwanangu alikuwa amesimama ameshika ile rafu, anapitisha kidole kwenye namba zilizochongwa, kidole chake kidogo kinaingia sawasawa kwenye mfereji wa patasi. Shangazi alikaa kwenye mkeka kando yake, akaanza kuzihesabu pamoja naye, moja, mbili, tatu, akafika sita, akasita.

"Ya saba hatukuiona, shangazi. Tulitafuta stoo yote."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mtaionaje? Baba yako aliivunja kwa kuruka, alikuwa na miaka miwili. Mimi ndiyo nilikuwa nimezaliwa asubuhi hiyo. Bibi yako alikuwa hana kuni kavu ndani. Akaichukua, akanichemshia maji ya kuogea."